Dawa ya Kifua

Ndugu msomaji, heroini ilianza maisha yake kama dawa ya kifua. Usicheke. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliingiza sokoni dawa ya kutuliza kikohozi, na jina la biashara iliyoipa ndilo hili hili tunalolisikia leo mahakamani. Enzi hizo kifua kikuu na nimonia zilizoa watu kama kideri kinavyozoa kuku, hivyo dawa ya kumpa mgonjwa usiku mmoja bila kukohoa ilikuwa neema. Iliundwa kutokana na mofini, nayo mofini ilikwishatolewa kwenye utomvu wa afyuni na mfamasia kijana wa Kijerumani, Friedrich Sertürner, mwanzoni mwa karne ya 19. Walidhani wamepata mofini isiyonasa watu. Kumbe!

Ila kwenye suala la kifua hawakukosea. Dawa za ukoo huu kweli huituliza pumzi, tatizo ni kwamba huituliza mno. Aliyezidisha unga hafi kwa kupasuka moyo kama wengi tunavyodhani. Hufa kwa sababu ubongo wake umesahau kuvuta hewa. Analala, midomo inageuka rangi, kifua kinapanda mara moja, kinapanda tena baada ya kitambo, halafu basi.

Nimeanzia kwenye pumzi makusudi. Nataka kusimulia jinsi watu waliotoka kwenye unga walivyoanza kufundishwa kukaa kimya na kupumua, jambo ambalo wazungu na Wahindi huliita yoga na taamuli, na kwa nini jambo hilo limegeuka kuwa kesi nyumbani kwetu Ibadakuli.

Ibadakuli ni kata ya Manispaa ya Shinyanga, kule kwenye uwanja wa ndege na minguzo mikubwa ya umeme. Ukienda kijiweni ukawauliza vijana habari za unga, watakuambia hayo ni mambo ya Dar na Unguja, huku kwetu kuna gongo na bangi tu, labda na vidonge vya maumivu ambavyo watu wa machimboni wanavimeza kama karanga. Kwa sehemu kubwa wako sahihi. Unga ulikuja na bahari. Afyuni ililimwa Afghanistan, ikapikwa kuwa heroini, ikashushwa hadi pwani ya Makran, huko Pakistani na Irani, halafu ikapandishwa majahazi kuvuka Bahari ya Hindi. Miaka ya 1980 ulikuwa umekwishafika Mombasa, Malindi, Unguja na Dar es Salaam. Mwanzoni watu waliuvuta kwa moshi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 na kuingia miaka ya 2000 zikaja sindano, na sindano zikaleta UKIMWI: tafiti za Dar zilikuta zaidi ya theluthi moja ya wanaojidunga wana virusi.

Lakini sisi watu wa bara hatujawahi kuisubiri bahari itufuate. Karne ya 19 Wasukuma na Wanyamwezi walitembea kwa miguu miezi mingi hadi pwani wakiwa wapagazi. Siku hizi tunapanda basi jioni, asubuhi tuko Dar. Mtoto wa mjomba wangu alikwenda hivyo. Kwanza alihangaika na dhahabu Geita, akashuka kwenye maduara miaka minne, akaambulia mgongo mbovu. Ndipo akasema anakwenda Dar kutafuta maisha. Alichokipata huko nadhani umekwishakikisia. Kwa miaka sita hatukujua tuseme yuko hai au la. Alipopatikana alikuwa teja kamili, mtu wa kuamka akiwaza kete na kulala akiwaza kete. Sasa huu ni mwaka wake wa tatu kwenye methadoni.

Hapa inabidi nieleze methadoni ni kitu gani, maana nusu ya ugomvi wa nyumbani unatokana na kutoijua. Nayo ni mtoto wa Wajerumani, iliundwa kwenye maabara za Hoechst mwishoni mwa miaka ya 1930. Ni ya ukoo ule ule wa afyuni kwa kazi yake mwilini, ila inakwenda taratibu. Kipimo kimoja kinamshika mtu mchana kutwa na usiku kucha bila kumpandisha wala kumwangusha. Mwaka 1964, New York, daktari Vincent Dole na mwenzake Marie Nyswander waliwajaribia watu ambao hospitali zilikwishakata tamaa nao. Ripoti yao ya 1965 ilihusu wagonjwa 22. Watu hao waliacha kuhangaika mitaani, wakaanza kuongea habari za shule, kazi na watoto.

Tanzania ilifungua kliniki yake ya kwanza Muhimbili, Februari 2011, ikiwa ni moja ya za mwanzo kabisa za serikali katika Afrika bara kusini mwa Sahara. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, halafu Zanzibar, Mbeya, Mwanza, Dodoma na kwingineko. Utaratibu uliozoeleka ni huu: unafika dirishani, unatajwa jina, unapewa kikombe, unakunywa mbele ya mhudumu, unasema neno ili ajulikane aliyemeza na aliyeficha mdomoni. Kesho tena. Keshokutwa tena. Jumapili na sikukuu pia.

Binamu yangu aliniambia jambo moja nililolifikiria sana. Alisema, “Kikombe nakunywa kwa dakika moja, binamu. Halafu nina siku nzima.”

Hebu tafakari. Mtu aliyekuwa akiishi kwa kukimbizana, atafute hela, amtafute muuzaji, akwepe polisi, apate, alale, aamke na arosto, aanze upya. Ghafla anaondolewa mbio zote. Arosto haimuumi tena, lakini saa nane mchana imefika na hana pa kwenda. Maskani iko pale pale. Rafiki zake wako pale pale. Methadoni inashughulika na mwili. Saa nane mchana haina dawa.

Mahali pake palikuwa na kundi la mazungumzo, na mmoja wa washauri akaanza kuwafundisha kukaa chini, mgongo wima, macho yamefumbwa, wakihesabu pumzi. Baadaye wakaongezewa kujinyoosha viungo. Alipotusimulia kwenye simu alikuwa anafurahi. Upande wa huku moto ukawaka. Mke wa mjomba, mlokole wa siku nyingi, aliniuliza, “Mwanangu, wewe uliyesoma, hiyo si dini ya Wahindi hiyo? Watatuharibia mtoto mara ya pili.” Mjomba yeye alikuwa na hoja tofauti, nayo ilinitisha zaidi. Alisema: kama kukaa na kupumua kunamsaidia, basi aache kikombe, arudi nyumbani, akae na kupumua hapa hapa Ibadakuli, hewa si ipo?

Ndiyo maana nikaanza kuchimba vitabu.

Tuanze na la mama. Yoga imetoka India, hilo halina ubishi, na mizizi yake imo ndani ya dini za huko. Maandiko yanayoitwa ya Patanjali yana umri unaokaribia miaka 2,000, na ukiyasoma utashangaa: habari za viungo ni chache sana, mengi ni habari za kuifunga akili isitangetange. Mikao ile unayoiona kwenye picha, mtu amejikunja kama kamba ya ng'ombe, kwa sehemu kubwa iliundwa upya juzi tu, miaka ya 1930, kwenye jumba la mtawala wa Mysore ambako mwalimu Krishnamacharya alikuwa akifundisha vijana. Nchi za magharibi zilikuwa zimekwishasikia neno lenyewe kwa kishindo mwaka 1893, Swami Vivekananda alipohutubia mkutano wa dini Chicago. Kwetu huku Wahindi walifika wakiwa wafanyabiashara, hadi Shinyanga na Mwanza kwenye pamba, wakaja na dini zao na wakazishika wenyewe majumbani. Hawakutuhubiria. Ni bahari ile ile iliyopitisha unga, lakini nisije nikaanza kutunga mashairi.

Kwa hiyo asili ni ya dini, sikatai. Lakini kuvuta pumzi taratibu ukihesabu, ili akili ikae pale mwili ulipo, kuna mwenyewe? Mwislamu anayeleta uradi na kuyumba na jina la Mungu anafanya nini na pumzi yake? Bibi yetu Mkatoliki akishika rozari saa moja nzima, kifua chake kinapanda na kushuka namna gani? Nilimwambia mke wa mjomba kwamba kinachofundishwa kwenye kundi la mwanawe hakina jina la mungu yeyote ndani yake, na kwamba akitaka anaweza kutia sala yake mwenyewe. Alinyamaza. Sikusema alikubali.

La mjomba ndilo gumu, na hapo historia ina la kutuambia.

Miaka ya 1970 Marekani iliingiwa na hofu ya heroini, hasa askari walipoanza kurudi kutoka Vietnam wakiwa wameizoea. Wakati huo huo vijana wao walikuwa wamewapenda magwiji wa Kihindi. Mambo mawili hayo yakakutana. Mwaka 1972 Herbert Benson na Robert Keith Wallace walitoa matokeo ya kuwahoji watu 1,862 waliokuwa wakifanya taamuli ya mtindo mmoja uliovuma, na wengi walisema wameacha au wamepunguza madawa. Inapendeza sana kusoma. Lakini angalia vizuri: walioulizwa ni wale waliobaki kwenye taamuli. Walioshindwa wakaondoka hawakuulizwa. Ni kama uende Kolandoto hospitalini uwahoji waliopona tu, halafu utangaze kwamba huko hafi mtu.

Huko Arizona wafuasi wa Yogi Bhajan, Sikh aliyehamia Marekani, walifungua nyumba ya kuwaachisha watu madawa kwa yoga, kuamka alfajiri, vyakula maalumu na nyimbo. Kuna waliosaidika. Ila gwiji mwenyewe alikufa 2004, na mwaka 2020 uchunguzi ulioagizwa na taasisi zake ukahitimisha kuwa tuhuma nyingi za kuwadhalilisha wanawake kingono yaelekea zilikuwa za kweli. Nalitaja hili kwa sababu mtu anayetoka kwenye unga ni mtu laini kama udongo wa mfinyanzi. Anayemfundisha kufumba macho ni nani, hilo si swali dogo.

Utafiti ulionivutia kuliko yote hauna mbwembwe. Ulitolewa 1997, Marekani, kwa watu 61 waliokuwa kwenye methadoni. Kundi moja likapewa yoga, jingine likapewa mazungumzo ya kawaida ya tiba, wote wakiendelea na kikombe. Matokeo? Hapakuwa na tofauti ya maana. Makundi yote yalipata nafuu. Mpenzi wa yoga atasikitika, mimi nilifurahi. Maana yake ni kwamba yoga si muujiza, lakini pia si upuuzi; ilisimama bega kwa bega na tiba inayoheshimiwa. Na kwa mtu kama binamu yangu, ambaye ukimwambia “eleza hisia zako” anaangalia viatu, kupewa njia isiyodai maneno si jambo dogo.

Halafu kuna mwanasaikolojia Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington, aliyefariki 2011. Yeye alichukua taamuli ya Kibudha, akaivua joho, akaitumia kuwasaidia watu wasirudi walikotoka. Alifundisha kwamba uchu ni wimbi: linapanda, linafika kileleni, linashuka. Kosa ni kudhani litapanda milele usipolilisha. Basi usipigane nalo, usilikimbie, likalie juu kwa pumzi hadi lishuke. Sasa mawimbi kwa Msukuma wa Ibadakuli ni hadithi, mto wetu wenyewe kiangazi ni mchanga. Binamu yangu aliitafsiri kwa namna yake. Alisema ni kama baruti kwenye duara. Ukishasikia utambi unawaka hukimbilii ndani kuuzima, na huondoki kabisa machimbo. Unajibanza pembeni, inalipuka, unasubiri vumbi litue, unarudi kazini. Sijui Marlatt angesema nini, lakini nadhani angeiandika.

Ushahidi wa karibuni umeongezeka nguvu. Desemba 2023, Nina Cooperman, Eric Garland na wenzao walichapisha matokeo ya watu 154 waliokuwa kwenye methadoni. Waliofundishwa programu ya taamuli pamoja na huduma ya kawaida walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kurudia madawa, pungufu kwa asilimia 42, na walidumu zaidi kwenye matibabu. Na huko Bengaluru, India, madaktari wa NIMHANS waliwachukua wanaume 59 waliokuwa kwenye arosto, wote wakipewa buprenofini, nusu yao wakaongezewa yoga ya viungo na pumzi. Matokeo yaliyochapishwa 2026 yanaonyesha kwamba wa yoga walitulia kwa takriban siku 5, wenzao kwa 9. Sababu yake inaeleweka. Unga huwa umekilaza kengele cha hatari kilichomo ndani ya ubongo. Unga ukikatika kengele kinalia chenyewe: jasho, vinyweleo kusimama, tumbo kuharisha, moyo kukimbia, usingizi kupaa. Pumzi ndefu ya kutoa ni mojawapo ya kamba chache ambazo mtu anaweza kuzivuta kwa hiari yake ili mwili upungue kasi.

Lakini mjomba, nikamwambia, tazama vizuri. New York kikombe. Mwaka 1997 kikombe. Mwaka 2023 kikombe. Bengaluru buprenofini. Pumzi ilikuja kukaa kando ya dawa. Mtu aliyeacha unga mwili wake husahau kuubeba. Akiondolewa methadoni ghafla, akarudishwa nyumbani, siku moja akakutana na kete na akatumia kipimo chake cha zamani, pumzi ile aliyofundishwa kuihesabu ndiyo inayokatika kwanza. Kwenda kwa mwezi mmoja “akiwa msafi” halafu kufa ni habari inayojulikana kwenye kila kliniki duniani. Nilisema hayo kwa ukali kidogo kuliko inavyompasa mtu kusema na mjomba wake.

Akanijibu, “Mwipwa, sasa unataka azeekee huko?”

Hilo ndilo swali, na sina budi kulikiri kuwa ni la haki. Kwa mtu wa Dar kliniki ni nauli ya daladala. Kwa mtu wa Shinyanga ni kuhama kwao. Mwanza kliniki ipo hospitali ya Sekou Toure, lakini nani wa Ibadakuli ataamka kila siku aende Mwanza akanywe kikombe cha dakika moja arudi alime pamba?

Zanzibar walijaribu njia nyingine, nayo inafaa kutajwa. Tangu 2009 zilianzishwa huko nyumba za kuishi pamoja walioacha madawa, wenyewe wanaziita soba. Zilifuata zile hatua kumi na mbili zilizoasisiwa na walevi wa pombe wa Marekani miaka ya 1930, na hatua ya kumi na moja inamtaka mtu adumu katika sala na taamuli. Kwa hiyo, ndugu msomaji, taamuli iliingia kwenye tiba ya madawa Afrika Mashariki kwa mlango huo, kimya kimya, bila mkeka wala Mhindi, na Waislamu wa Unguja wakaipokea wakaichanganya na swala tano. Wakenya walikuwa wametangulia na nyumba ya Omari Project, Malindi, 1995, na tangu 2007 Nairobi ina Africa Yoga Project, iliyoanzishwa na Mmarekani Paige Elenson, ambayo imefundisha vijana wa mitaa ya huko hadi wakawa walimu wenyewe.

Na sisi? Bafumu wetu walijua zamani kumweka mgonjwa nyumbani kwao miezi mingi, akila nao na kufanya kazi nao, maana dawa bila mahali pa kukaa haikai. Tulikuwa na shikome, ule moto wa jioni zizini ambapo wanaume walikaa, wazee wakifundisha, na sehemu kubwa ya mafundisho ilikuwa ukimya. Sisemi shikome ni yoga. Wale wanaosema kila kitu cha dunia kilianzia kwa babu zetu huwa wananichosha. Nasema tu kwamba mtu wa Ibadakuli hahitaji kufundishwa kuanzia sifuri kwamba kukaa pamoja bila kusema ni shughuli.

Binamu yangu hatarudi mwaka huu. Hilo tumekubaliana, hata mama yake. Ameniambia kwamba saa nane mchana sasa anakaa na wenzake wawili nyuma ya duka moja, dakika ishirini, halafu anakwenda kubeba mizigo. Siku nyingine inashindikana, anasema, akili inarukaruka kama nyani, hapo anahesabu hadi kumi anaanza upya.

Mjomba amekata shauri lake. Pamba ikishauzwa, atapanda basi yeye aende Dar, na amekwishamwomba jirani amwangalizie ng'ombe kwa wiki mbili. Juzi alinipigia kuniuliza kama wageni wanaruhusiwa kukaa kwenye lile kundi, na kama mtu mwenye magoti mabovu anaweza kukaa kwenye kigoda.